Ripita Mbili na Mlima Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Uniwie radhi, shajara. Miezi minne sijakugusa. Tangu mke wangu aende kumuuguza dada yake ng'ambo ya mlima, sikuwa na la kuandika ila "leo pia hayupo", na hilo halistahili wino.

Bondeni kwao simu hazishiki. Lakini muuguzi wa zahanati ya huko ana redio ya upepo, ile ya kusema na kujibiwa! Nami, fundi wa redio mstaafu, nina ripita mbili kuukuu stoo. Ripita ni kisanduku kinachopokea sauti na kuirusha mbele. Moja juu ya paa langu, ya pili kileleni, zipokezane. Sauti itavuka. Nitasema maneno matatu tu: nyumba imepoa, rudi.

Jumatano, 6 Machi

Ya paani tayari. Jirani akauliza kama naanika nguo.

Shemeji, kaka wa mke wangu, amekubali kupanda na ya pili na kuilinda, maana betri yake haiaminiki. Muuza maziwa amepeleka ujumbe: mke wangu awe zahanati Ijumaa, saa nne asubuhi. Amejibu kwamba atafika hapo, na kwamba ana lake la kusema. Lipi? Nimenyoa ndevu. Kwa ajili ya redio!

Ijumaa, 8 Machi

"Magoti, shemeji, magoti!" Ndivyo alivyolia yule bwana, ambaye Jumapili alicheza arusini mpaka viti vikaondolewa. Nikapanda mwenyewe. Yeye akabaki sebuleni, kwenye kiti changu, na kipaza sauti changu, na karatasi ya maneno yangu matatu mkononi.

Kileleni betri ikaanza kufifia. Nikaiongezea ile ya redio yangu ya mkononi. Basi, kwa spika ya ripita nikawa nasikia kila kitu na siwezi kujibu neno.

Saa nne. Sauti yake! Kama yuko jikoni. Shemeji akasoma "nyumba imepoa, rudi", bila hata kutua penye mkato, kisha akaanza kusimulia magoti yake. Mke wangu akamkatiza, akauliza mimi niko wapi. Akaambiwa niko juu na visanduku vyangu. Halafu akasema dada yake alipona tangu mwezi uliopita. Kwamba yeye anangoja mtu aje kumchukua, si kuitwa kama teksi. Na kwamba kutoka kileleni mpaka mlangoni pake ni nusu saa, tena mteremko.

Betri ikakata roho.

Nikasimama. Paa lao nililiona. Kwenye kamba ya uani, gauni lake la kijani. Nililitazama mpaka lilipoanuliwa.

Jumamosi, 9 Machi

Nilirudi nyumbani jana ile ile. Betri ilihitaji chaji.

Kosa nimelibaini: ripita mbili hazitoshi. Nikiongeza ya tatu, nitamwambia mwenyewe, kutoka sebuleni, kwamba nakuja. Sijaamua tu niifunge wapi: kwenye mwamba ulio katikati ya mteremko, au kwenye nguzo ya uzio wake, hatua kumi kutoka mlangoni. Nikishaamua, nitaandika.