Goti Lisilouma

Jumatatu, 3 Machi
Chapuchapu, mlinzi wa getini, kamnong'oneza bosi kwamba nachechemea. Mnafiki mkubwa! Miaka ishirini na sita mimi ndiye tarishi wa ofisi hii, ghorofa nne, na sijawahi kufungua bahasha ya mtu. Sasa bosi anataka barua ya hospitali kufikia Ijumaa. La sivyo, mkoba wangu anapewa Chapuchapu.

Jumanne, 4 Machi
Hospitali. Mtaalamu wa viungo ni binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Kanitembeza juu ya bamba linalopima uzito wa kila hatua. Gegedu la goti la kulia, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, kasema, ndiyo maana natembea polepole na kuegemea mguu wa kushoto, ulio mzima. Kanipa vidonge vya maumivu. Nirudi Alhamisi.

Jumatano, 5 Machi
Vidonge hivi! Nimepanda hadi juu mara kumi na moja, tisa bila barua yoyote, ili Chapuchapu anione. Kaniona. Moyo wangu kwatu. Jioni mama watoto kauliza ni nini kinacholia goti likikunjwa. Nimesema ni kiti.

Alhamisi, 6 Machi
Bamba tena. Nimetembea kama bwana harusi. Binti kasema mwendo umeongezeka, na goti bovu sasa linabeba uzito mwingi kuliko juzi. Nikamshukuru. Kasema hanisifu: maumivu ndiyo yaliyonifanya nilihurumie goti, sasa nalikanyagia tu. Kaendelea kueleza. Mimi nilikuwa natazama anavyoifunga barua ya bosi. Kaifunga vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Mama watoto kanisihi niisome kwanza. Nikamwambia tarishi hasomi! Nimeipeleka mbio, ghorofa ya nne. Bosi kaisoma kwa sauti: wiki sita bila ngazi. Mkoba kwa Chapuchapu. Mimi, kiti chake getini. Nimelia kidogo, chooni.

Jumatatu, 10 Machi
Getini. Nina mpango. Nimemeza vidonge viwili badala ya kimoja. Gari la bosi lilipotokea nikakimbilia geti, nikaruka juu mara mbili aone. Kaona. Kaniamuru nikae.

Chapuchapu kapita na mkoba wangu, kaniletea maji, kaniambia pole, babu. Babu! Ana wajukuu watatu yule.

Goti limevimba hadi suruali imekataa kupanda. Lakini haliumi hata kidogo, kwa hiyo limepona. Kesho naenda ofisini kwa bosi kumwonyesha. Kwa ngazi.