Mtambo wa Kanda na Mimi

Jumatatu, 8 Septemba

Mtambo umefika. Sanduku liko kwangu stoo, chini ya meza, na tangu asubuhi sijafanya kazi nyingine.

Meneja wetu, Madam Nzilani, alitueleza mkutanoni. Sauti zote za redio yetu zimo ndani ya seva: nyimbo, salamu, mahojiano, matangazo ya vifo. Seva ina diski mbili zinazobeba vitu vilevile. Moja imeanza kukwaruza, na taa yake ya kijani imegeuka rangi ya chungwa. Ndiyo maana umenunuliwa mtambo huu, uunganishwe na seva, kila kitu kinakiliwe kwenye kanda kabla diski hazijakufa. Atakayefanikisha kazi hiyo atakuwa Msimamizi wa Hifadhi ya Sauti. Chumba chake. Ufunguo wake. Mimi, Bartholomew Muema, ni karani wa stoo tangu redio ianze. Stoo haina dirisha.

Madam aliuliza ni nani anajua mambo ya kanda. Faiza, fundi wetu wa mitambo, yuko Masinga akitengeneza mlingoti. Nikainua mkono. Sikudanganya. Niliuza kaseti za kwaya ya parokia mpaka kaseti zenyewe zikapotea madukani.

Baadaye Mwaitu Kalunde alinifuata stoo. Ndiye mtangazaji wetu wa salamu, na sisi sote humwita mwaitu, mama. Mumewe, marehemu Reuben, ndiye aliyekuwa akisoma matangazo ya vifo. Aliniuliza kama sauti ya Reuben imo kwenye seva. Nikasema imo. Akauliza kama iko popote pengine. Nikasema haiko. Akasema nyumbani ana picha yake tu, na picha haizungumzi. Nikamwahidi kwamba Ijumaa atamshika Reuben mkononi, ndani ya kanda. Alinishukuru mpaka nikaona haya.

Nimeichunguza kanda yenyewe. Mraba mweusi, mzito kidogo. Nimeigeuza kutafuta upande wa pili, ule wa B. Hauna. Chini kuna tundu moja tu la meno, katikati. Kaseti zote nilizowahi kushika zina mawili: kanda inatoka huku, inajikunja kule. Hii ikitoka inaenda wapi? Nimekosa hamu ya chakula kwa kuwaza.

Jumanne, 9 Septemba

Siku ya kuunganisha. Nilivaa koti jeupe la maabara ambalo mwanafunzi mmoja alilisahau hapa. Koti hufanya watu wasiulize maswali.

Kebo ya mtambo ni nene na mdomo wake ni mpana, bapa, wa chuma. Seva ina matundu mengi nyuma. Nilijaribu la skrini. Halikutaka. Nilijaribu yale madogo ya kuchomeka flashi. Mdomo ulikuwa mpana mno. Nilijaribu la intaneti, na hapo nilihisi kama lilikuwa likifikiria. Nikasukuma. Kitu kikalia ndani, kidogo tu.

Intaneti ilipotea jengo zima. Madam Nzilani alipita mlango kwa mlango akiuliza nani amegusa nini. Nilimwambia stima ilirukaruka. Alitazama koti langu kwa muda, kisha akaenda.

Nilimpigia Faiza simu huko Masinga. Kwa ujanja. Nikaanza na hali ya hewa ya huko, nikamalizia na swali la jumla kuhusu mtu yeyote ambaye angekuwa na kebo yenye mdomo mpana. Akasema seva yetu haina tundu la kebo hiyo, mpaka iwekewe kadi ndani yake, na kadi imo kwenye sanduku, chini ya sponji. Seva izimwe kwanza ndipo kadi iwekwe. Akasema na mengine: "Bwana Muema, usiguse kitu. Ngoja nikuje."

Kadi iko chini ya sponji. Nimeiona. Nzuri sana, ina dhahabu ukingoni.

Jumatano, 10 Septemba

Tatizo: seva ndiyo inayocheza kila kitu. Ukiizima, redio inanyamaza. Redio ikinyamaza, Madam ananyanyuka. Nilihitaji kimya ambacho hakuna mtu angekishangaa.

Nikakipata nikinywa chai. Mashamba yote ni vumbi, kila mtu anangojea mvua. Kwa nini redio isiwaongoze wasikilizaji katika sala ya kimya ya kuomba mvua? Nilimpelekea Mwaitu Kalunde wazo hilo kama limetoka moyoni. Alilipenda. Alisema hajawahi kunijua upande huo wangu. Nami sikuwa nimeujua.

Saa sita akatangaza. Aliwaomba wasikilizaji wote, popote walipo, wafunge macho na waombe kimoyomoyo mpaka watakapoisikia sauti yake tena. Nikazima seva. Nikafungua kifuniko. Jamani, uzuri uliomo humo. Feni, vijia vya kijani, kila kitu kimelala kwa mstari kama shamba la mtu mwenye bidii. Nilisahau kidogo nilichoendea. Kisha nikaiweka kadi, nikabana, nikawasha.

Hakuna aliyeniambia kwamba seva huchelewa kuamka. Iliandika maneno. Ikafikiri. Ikaandika mengine. Mwaitu Kalunde alinitazama kupitia kioo cha studio, nami nikamwonyesha kwa mkono kwamba aendelee kuomba. Simu zikaanza kulia mapokezi. Mwalimu mmoja wa Katangi alisema wanafunzi wake wamesimama juani na anaogopa kuwaambia amina bila ruhusa. Mama mmoja wa Tala alisema chungu chake cha muthokoi, mahindi na maharagwe, kimeungua jikoni kwa ajili ya Bwana. Kasisi mmoja alipiga kutupongeza, akasema hajasikia redio yenye uchaji namna hiyo.

Seva iliamka. Nyuma yake sasa kuna tundu pana linalolingana na kebo kabisa. Niliingiza na kutoa, nikaingiza na kutoa tena, kwa raha tu.

Lakini Faiza alirudi jioni, akapiga magoti mbele ya seva, na hakusimama haraka. Ile diski iliyokuwa ikikwaruza haijaamka. Alieleza, bila kunitazama, kwamba diski mgonjwa ukiizima inaweza isizunguke tena. Sasa imebaki moja. Kila sauti iliyowahi kusikika hapa, na Reuben akiwemo, imekaa juu ya diski moja ya umri uleule.

Nilitaka kumwambia kuhusu uchaji. Nikaona si wakati wake.

Ijumaa, 12 Septemba

Jana Faiza aliandaa kila kitu. Alikuwa aanze kunakili leo mapema asubuhi, na usimamizi ungekuwa wake. Ilibidi nifikirie haraka.

Nilimkumbusha Madam Nzilani kwamba hakuna kitu kipya kinachofanya kazi hapa kabla ya kuzinduliwa. Tulizindua tangi la maji. Tulizindua hata choo, na mgeni rasmi akahutubia. Itakuwaje mtambo huu uanze kazi kama mwizi? Madam aliona nina hoja. Akampigia mwenyekiti wa bodi, Mzee Masila, na mzee akasema yuko tayari hata sasa. Faiza aliomba anakili kwanza, tuzindue baadaye. Akaambiwa ni heshima kwa mzee, na mambo ya heshima hayachukui muda.

Mipango yote nikapewa mimi. Nilinunua utepe mwekundu. Kwa Bwana Shaaban, fundi wa nguo ng'ambo ya barabara, niliazima mkasi wake mkubwa wa kukatia suti, kwa sababu mkasi wa ofisi ni aibu mbele ya mgeni. Utepe niliufunga kutoka kwenye mtambo hadi kwenye seva, upate maana. Ila ile kebo nyeusi iliharibu sura ya picha. Nikaizungushia utepe huohuo, vizuri, mpaka isionekane.

Mzee Masila alihutubia. Alisema redio isiyo na kumbukumbu ni kelele tu. Hapo nilimpigia makofi kwa dhati. Kisha akashika mkasi, akabana. Utepe haukukatika. "Hii kitu iko ngumu," akasema. Nilidhani ni uzee. Nikaweka mkono wangu juu ya wake, kwa heshima, tukabana pamoja.

Ukakatika. Watu wakapiga makofi. Faiza peke yake hakupiga. Alikaa chini, sakafuni, na hijabu yake nzuri ya wageni, akaokota kipande cha kebo chenye nyuzi ndogondogo za shaba. Sikujua ndani kuna nyuzi nyingi hivyo.

Mwaitu Kalunde aliuliza polepole, "Sasa Reuben ako wapi?"

Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikamwendea nikamwambia Reuben yuko palepale, barabara tu ndiyo imekatika. Alinipigapiga mkononi kama mimi ndiye niliyefiwa.

Jumatatu, 15 Septemba

Kebo mpya ilikuwa itoke Nairobi leo. Jumamosi nilipendekeza tuunge ya zamani kwa gundi ya karatasi, uzi kwa uzi. Faiza akasema nisiingie chumba cha seva. Nikasimama mlangoni, maana mlango si chumba.

Kutoka mlangoni nilikuwa wa kwanza kusikia. Diski iliyobaki ilianza kukwaruza. Sauti ileile. Nilimwambia Faiza, akaja akasikiliza, na uso wake ukabadilika. Madam alisema mtu akangojee kebo stendi. Nilikwenda mwenyewe, nikarudi mbio, tai ikiwa begani. Nadhani nililia kidogo njiani. Ilikuwa vumbi pia.

Safari hii Faiza hakuizima seva. Aliwasha mtambo kwanza, akachomeka kebo, akaiamuru seva itazame upya matundu yake. Ikatazama. Ikauona mtambo. Akaingiza kanda mdomoni, nayo ikavutwa ndani polepole, ikamezwa.

Niliruhusiwa kuingia kwa sharti la kuweka mikono mfukoni. Nikaweka sikio. Mtambo unanguruma, unasita, unarudi nyuma kidogo, unaenda tena. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza Faiza kanda inaenda wapi ikiwa tundu la meno ni moja. Kwa mara ya kwanza alicheka. Akaeleza kwamba gurudumu la pili limo ndani ya mtambo wenyewe. Kanda inatoka ilimolala, inajikunja humo, ikimaliza inarudishwa kwake.

Nimekuwa nikilitafuta ndani ya kanda siku zote hizi, kumbe liko kwenye mashine. Nilifurahi kuliko ningepewa chumba.

Jumanne, 16 Septemba

Imekamilika. Kanda mbili, zote sawa. Mchana diski ikafa. Ilikwaruza, ikapiga kelele moja nyembamba, basi.

Kuhakikisha, Faiza alirudisha sauti chache kutoka kwenye kanda hadi kwenye kompyuta yake, akamwita Mwaitu Kalunde. Alikuwa Reuben. Alisoma kwa utaratibu kuhusu mzee fulani wa Kangundo, baba wa fulani, babu wa fulani, mazishi nyumbani kwake. Sauti ya mtu asiyemharakisha maiti. Mwaitu hakulia. Aliinamisha kichwa, akawa anaitikia kila jina la watoto wa marehemu, kama alivyokuwa akimwitikia zamani akiwa jikoni. Mimi ndiye niliyetoka nje.

Faiza amekuwa Msimamizi. Hakuna haki, lakini leo sina nguvu ya kuchukia. Amesema kanda moja ikae mbali na jengo hili, jengo likiungua ibaki. Mwaitu ameomba ikae kwake Katangi. Mimi nimepewa ufunguo wa kabati la mtambo, kwa kuwa hakuna mwingine anayefika mapema.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimempelekea Mwaitu kanda Katangi. Alinipikia kuku. Kanda ameivika kitambaa alichokifuma mwenyewe, akaiweka sebuleni karibu na picha ya Reuben. Aliniuliza kama ni kweli yuko humo ndani mzima. Nikasema mzima, na kikohozi chake chote. Aliipapasa. Kisha akauliza, bila kulalamika, atamsikiaje akiwa hapa nyumbani, kwa kuwa kanda haisemi kama vile picha haisemi. Akasema hachagui cha kusikia. Hata vifo vya watu wengine vingemtosha.

Mtu mwingine angemwambia haiwezekani. Mimi nimejifunza mengi wiki hizi. Najua kanda inahitaji gurudumu la pili, na gurudumu liko kwenye mtambo, na ufunguo wa mtambo uko mfukoni mwangu. Faiza anarudi Masinga Ijumaa. Sanduku la mtambo litakaa vizuri juu ya boda boda nikilipakata.

Kilichobaki ni kuunganisha tu. Nimechungulia nyuma ya televisheni yake. Matundu ni mengi, na moja, la pembeni, ni pana na bapa kiasi. Nimelipima kwa kidole. Nimemwambia Mwaitu aite watoto na majirani wote Jumamosi ijayo, mchana. Nilipomuaga alikuwa ameshaanza kupanga viti.