Mama Mkwe na Pikipiki ya Tairi Tatu

Jumatatu, 20 Mei 2013. Tunduma.

Imekamilika! Mbele pikipiki yangu, nyuma difu na tairi mbili za gari dogo lililopata ajali, juu benchi la abiria. Nimechomelea mwenyewe. Kati ya dereva na abiria nimefunga ubao mrefu, na ubao huo ndio akili yenyewe. Kwao mke wangu Ikupa, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Miaka minane ya ndoa, uso wake siujui. Nikifika Hasamba anakimbilia jikoni. Naona kisigino na yeboyebo nyekundu, basi. Kwa ubao huu atapanda nyuma, sitamwona, wala yeye hatanitazama.

Jumapili mtoto wetu wa pili anabatizwa Vwawa. Jina anatoa bibi, huyohuyo mama mkwe. Wa kwanza alipobatizwa, bibi alipelekwa kanisani na Hezron, mume wa dada yake Ikupa, kwa bajaji yake ya dukani, yenye pazia nyuma ya dereva. Kwa shukrani bibi akampa mwanangu jina la Hezron! Namwita hivyo kila asubuhi, moyo unauma. Huyu ataitwa Rabson, kama mimi baba yake. Kwa hiyo lazima bibi afike kwa chombo changu.

Trafiki kanisimamisha Chapwa. Akasema kadi inasema pikipiki, sasa tairi tatu za nini? Nikamwambia ya tatu ni spea. Akauliza spea mbona inagusa lami. Nikasema inakuwa tayari muda wote. Hakucheka. Nimerudi nyumbani nasukuma, wanafunzi wananisindikiza kwa nyimbo.

Jumanne, 21 Mei.

Akili mpya. Leo mimi Mzambia, mgeni wa watu, kadi nimeisahau Nakonde. Nikavaa kofia na miwani.

Trafiki yuleyule! Nikamwamkia Kibemba: muli shani, mukwai. Kumbe mama yake Mbemba. Alimwaga Kibemba mpaka nikaloa jasho. Neno jingine ninalolijua ni natotela, yaani asante, basi nikalisema mara tatu, kwa heshima. Baadaye akanieleza kwa Kiswahili kwamba alikuwa ananiuliza kama nataka kulala mahabusu. Aibu! Kasema hii ndiyo mara ya mwisho kuniachia, niende kwa mkaguzi wa magari kama wenzangu.

Wakati navua miwani Hezron akapita na bajaji yake. Akapiga honi. Mara mbili!

Alhamisi, 23 Mei.

Mkaguzi alizunguka chombo, akainama, akachungulia chini, akaguna. Akasema ubao ung'olewe, dereva lazima aone nyuma. Nikamweleza habari za mama mkwe, taratibu, kwa kirefu. Akajibu kwamba sheria ya barabarani haina mama mkwe. Ubao umetoka. Kesho asubuhi niende uwanjani, breki zipimwe kwa mzigo wa watu.

Ikupa kachoka nami. Kasema mama yake ameshafika mjini, kafikia kwa shangazi Ketrina, na chombo kisipopita kesho anamwita Hezron. Nimeapa kitapita. Ubao nitafikiria baadaye.

Ijumaa, 24 Mei.

Naandika haraka kabla sijalia.

Uwanjani watu tele. Wakapanda vijana watatu wa bodaboda. Mkaguzi akasema hao wepesi, anataka mzigo wa kweli. Nikaangaza macho. Pembeni kasimama mama mmoja mnene, kajifunika kitenge kichwa na uso. Bahati iliyoje! Nikatangaza, uwanja mzima ukisikia, kwamba huyu peke yake ni gunia mbili za mahindi. Watu wakacheka. Mama akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Nikadhani haya za kishamba. Nikamshika mkono, nikamvuta. Akagoma. Basi nikamsukuma kwa nyuma, kwa mikono yote miwili, mpaka akaingia, na nikampongeza kwa uzito wake. Ikupa akatokea mbio akipiga kelele. Nikadhani ananishangilia. Nikampungia!

Nikaendesha, nikakanyaga breki. Zikashika papo hapo! Nikageuka kusherehekea. Mama alikuwa anashuka kinyumenyume.

Kisigino kile. Yeboyebo nyekundu.

Kumbe Ikupa alikuwa kamleta mama yake akione chombo kwa mbali. Hezron naye alikuwepo, bila shaka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nimejifungia chumbani. Ikupa anapita mlangoni akifagia palepale, na afadhali angetukana. Mimi, Rabson, nimemsukuma mama mkwe makalio mbele ya mkaguzi wa serikali! Nasikia aibu mpaka kwenye meno. Ardhi ikipasuka naingia kwa hiari.

Jumamosi, 25 Mei.

Chombo kimepita! Ila kwa kubeba mizigo tu. Binadamu haruhusiwi kupanda nyuma, mkaguzi kasisitiza, huku ananiangalia sana.

Mama mkwe katuma ujumbe kupitia Ikupa. Hana kinyongo. Nipeleke kuku mmoja wa kufuta aibu, yaishe, nami nimwache aende na Hezron kwa amani yake. Kaongeza kwamba breki ni nzuri. Hapo ndipo nilipolia. Mama mwenye moyo wa namna ile, nami nimemwita gunia! Nimemwapia Ikupa kwamba ujanja nimeacha, kuanzia leo. Kanipikia.

Wakati nakula nikaona turubai letu la kuanikia kahawa. Ni kubwa kweli.

Kesho Hezron atamfuata mama saa mbili. Mimi nitawahi saa moja. Mama atakaa nyuma, nitamfunika gubigubi. Simwoni, hanioni, mila imetulia. Trafiki naye hamwoni, kwa hiyo ni mzigo, sheria imetulia. Kuku wa kuomba radhi nitamfunga juu ya turubai. Mama akikohoa njiani, nitasema ni kuku.