Machicha ya Upepo Hapa Katindiuka

Wendelin Valentino,
Katindiuka, Ifakara.
17 Juni, 2025.

Kwa Mhandisi Aikande,
Kiongozi wa Kikosi cha Kupima Upepo.

Yah: KUTUMALIZIA UPEPO

Mama Mhandisi, shikamoo. Najua kwa umri ni wewe wa kuniamkia mimi, lakini mtu anayeshika upepo wote mkononi huamkiwa. Mimi ni yule bwana wa kofia ya pama uliyemuuliza njia ya Uchindile mwezi wa tatu, nikakuonyesha njia na nikakuongezea historia ya maisha yangu. Hujanisahau, watu huwa hawanisahau. Nimefika Tunduma, nimefika Tanga, na Kidatu nimekata miwa misimu minne. Elimu yangu ni darasa la saba, ila nililikaa kwa makini.

Sasa msiba wetu. Hapa kwetu mpunga ukishapigwa, mama hupanda juu ya stuli na kuumimina taratibu kutoka kwenye ndoo. Upepo hupeleka makapi na mapepe yasiyo na kiini kando, punje nzito huanguka kwenye turubai. Upepo ukichelewa, huitwa kwa mluzi. Na mpiga mluzi wa Katindiuka nzima ni mimi. Nikipiga, migomba inainama na vifaranga wanatafuta mama zao.

Mwaka huu jirani yangu mama Paulina, mjane mwenye wajukuu watano, ana lundo la mpunga uani ambalo halijapepetwa. Nilimwahidi mbele za watu: "Mama, upepo niachie mimi." Jumapili ile nikamzungushia ua wa mabati ishirini na mawili, marefu kunizidi, ili mbuzi na bata wasiuguse mpunga wake. Mabati hayo nilikuwa nimeyaweka kwa ajili ya nyumba yangu, lakini moyo wangu ndivyo ulivyo. Jumatatu asubuhi nikapiga mluzi. Kimya. Leo ni siku ya tisa. Wingu limekaa juu ya milima, na mpunga ule ukinyeshewa utaota palepale kwenye turubai. Wale watoto watakula nini?

Ndipo nikajua ni ninyi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Redioni nimesikia umeme wa upepo unakua dunia nzima, na Ulaya wameshayasimika mapangaboi hadi baharini. Sina wivu. Lakini Kidatu niliona kwa macho yangu maji yakiingia mtamboni kwa kishindo na kutoka upande wa pili yamenyong'onyea, yametolewa umeme. Upepo nao ni vilevile. Tui mnakamua ninyi, sisi tunaletewa machicha.

2. Ulisema ule mnara mwembamba wa Uchindile, wenye vikombe vitatu, haumalizi upepo, unapima tu. Mama Mhandisi, mimi nina mke. Konsolata naye husema anaonja tu mboga.

3. Upepo uliobaki unagawiwa kwa upendeleo. Dukani kwa Yasser, hatua arobaini kutoka kwa mama Paulina, kanga zilizotundikwa zinapepea mchana kutwa mpaka wateja wanazikimbiza. Nikitoka ndani ya ua kwenda kumlalamikia, kofia yangu inapeperuka. Nikirudi ndani ya ua kwenye kazi, hakuna kitu, hata vumbi limekaa kitako. Huyu Yasser mnajuana naye vipi?

4. Heshima yangu. Nimepiga mluzi mpaka midomo imepasuka. Konsolata, mbele ya wanawake wenzake, akaniuliza: "Baba Eveline, au na mluzi nao unaisha muda wake kama dawa?" Wakacheka mpaka ungo ukaanguka. Mama Paulina peke yake hakucheka. Alisema, "Piga tu mwanangu, labda uko njiani." Hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko, kwa sababu alikuwa anaamini.

5. Ushauri wa kitaalamu, bure kabisa. Pangaboi la dukani kwa Yasser linakula umeme, linatoa upepo. La kwenu linakula upepo, linatoa umeme. Yawekwe yatazamane, yalishane yenyewe kwa yenyewe, na upepo wa Mungu uachwe ufanye kazi ya mpunga.

Kwa hiyo naomba mfungulie upepo wa Katindiuka angalau saa tatu, kesho, kuanzia saa nne asubuhi. Mkishindwa, nipeni barua yenye mhuri inayosema kosa si la mluzi.

Wasalimie kikosi kizima, yule dereva wako mwenye usingizi, na wazazi waliokusomesha. Huku wote wanakusalimu, hata Konsolata, ambaye hajui kama ninakuandikia.

Ni mimi niliyenyimwa upepo,
Wendelin Valentino.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha nikasikia kishindo. Dume la ng'ombe la Masanja, mfugaji wa hapa jirani, limeingia kwenye ua wangu na kuyalaza mabati yote ya upande wa kusini. Masanja alikuja kuniomba radhi, sikumsikia kwa sababu ya upepo. Uliingia wa siku zote tisa kwa mpigo. Mama Paulina alikuwa ameshapanda stuli. Mluzi sikupiga, mdomo ulikuwa wazi. Saa tisa mpunga wote ulikuwa kwenye magunia, saa kumi mvua ikashuka.

Ningeichana barua hii, ila mwandiko wa ukurasa wa kwanza umenitoka vizuri mno. Isomeke kuanzia hapa. Mama Paulina anakuletea debe la mchele kwa basi. Ukikuta jiwe, samehe, lakini pepe hutakuta hata moja.

Konsolata aliyatazama mabati, akanitazama mimi, akasema neno moja tu: "Mhandisi." Mtaa mzima sasa wananiita hivyo. Basi nakushauri kama mhandisi mwenzako: simikeni mapangaboi yenu, hata mia, upepo upo wa kutosha wote. Ila msiyazungushie mabati.