Uzi Ulioasi Hemei

Jongeeni, enyi wenye masikio, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nautaja mji wa Hemei na vita vyake vikuu, siku Bi Lo Su-chin, simba wa zamu ya asubuhi kiwandani pa nyuzi, mshika ncha asiyetetereka, alipokabiliana na uzi.

Ilikuwa siku yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Miaka thelathini na mmoja hakupata kuacha bobini, kile kibiringo cha kuzungushia uzi, ikiwa pungufu, na alikula kiapo kwamba hii ya mwisho, ya kufumia lebo za nguo, ataijaza kwa mkono wake. Basi chupa za plastiki za chai zilizosagwa zikaingia tanuruni kwa maelfu, zikayeyuka, zikachuruzika nyuzi nyembamba kuliko unywele, mara, ta! uzi ukakatika. Akaunganisha. Ukakatika. Mara saba aliunganisha, mara saba ukamwasi, na bobini ingali nusu.

Ndipo akainua macho juu ya mashine, akaona patupu. Nani Hemei asiyejua kwamba mashine haitulii bila ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi juu yake, isiyofunguliwa wala kupitwa na tarehe?

"Nani kaila?" akanguruma, hata mota zikaona haya.

Akajitokeza Kuo Ting-wei, injinia mpya, chenga zimemjaa kidevuni. "Shangazi, njaa bwana. Si vitafunio tu?"

"Vitafunio tu! Shahada mbili, na unamlia mashine chakula chake! Kimbia dukani. Na ole wako uniletee ya njano! Kijani ndiyo taa ya kwenda, njano mashine itasitasita!"

Shujaa wa shahada akatimua mbio, akarudi anahema, ya kijani mkononi.

"Haya, iombe radhi."

"Nani, mashine?"

"Kwani hapa umemlia nani mwingine?"

Ting-wei akainama mpaka kiunoni. "Samahani, mkubwa."

Bi Su-chin akashika bunduki ya upepo, ile ya kunyonyea uzi, akainasa ncha, akaipitisha tundu kwa tundu, akaikabidhi bobini. Ukumbi mzima ukazuia pumzi. Uzi ukashika, ukashika, hata bobini ikajaa pomoni, na mama yule akalia mbele za watu bila kujificha.

Andikeni, enyi wenye kalamu: kwa bobini ile zilifumwa lebo elfu arobaini, kila moja kama ukucha, na hadi leo, mashariki na magharibi, watu wanajikuna shingo kwa heshima yake.