Dachesi Asikwame Tena

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Siku mbaya, lakini imeanzisha jambo kubwa. Asubuhi Baba amemkuta Dachesi amelala chali katika chumba chake, miguu yote minne imebanwa ukutani. Mara ya pili tangu shule ifungwe! Farasi huyu akijilaza hupenda kugaagaa. Akigaagaa huishia ukutani, na huko hapati nafasi ya kukunjua miguu asimame. Hubaki akihema kama treni inayopanda Mau. Baba anasema akikaa hivyo sana tumbo hujaa hewa, na ndio mwisho wake. Wanaume wamemvuta kwa kamba mpaka akageuka. Alipoinuka akampiga mmoja teke. Hakuna shukrani.

Kisha amekuja Bwana Mluzi. Ndiye Mzungu mwenye shamba. Tunamwita hivyo kwa sababu hupiga mluzi akifurahi. Leo hakupiga. Amemwambia Baba, kwa kile Kiswahili chake, kwamba farasi nakwama tena, saisi nakwenda pareto. Baba! Saisi mkuu, mtunza farasi mwenye koti la vifungo vya shaba, akachume maua ya pareto huko juu! Tena nyumba yetu ya bati ni ya saisi. Wachuma pareto hukaa ukingoni mwa msitu, na huko hakuna shule hata ya chini ya mti. Mimi niko darasa la saba. Nimekusudia kuwa mwalimu.

Mama amelia kidogo, kisha akaendelea kusonga ugali. Mimi sikulia. Nimeapa kimyakimya: Dachesi hatakwama tena. Sijamwambia mtu. Mimi si msemaji. Kichwa changu husema ndani kwa ndani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata! Nina kitabu cha Kiingereza kuhusu wanyama, zawadi yangu ya mwandiko bora. Panya wamekula kurasa za mwisho, lakini hekima yote imo. Kinasema farasi anaweza kusinzia akiwa amesimama. Basi! Kulala chini ni uvivu tu. Baba alipokwenda kunywa chai, nimemfunga Dachesi kwa kamba fupi kwenye boriti, kichwa kikakaa juu kama cha askari.

Jioni. Matokeo si mabaya. Hakulala. Vilevile hakula wala kunywa, kwa kuwa kichwa hakikufika chini. Alipofunguliwa alikuwa na hasira, na Bwana Mluzi alipoinama kumtazama kwato, Dachesi alimvua kofia akaitafuna ukingo. Baba aliuliza ni nani aliyefunga kamba ile. Nilitazama viatu vyangu. Sina viatu, nilitazama miguu. Akaelewa. Amesema nisikanyage bandani mpaka nipate akili. Akili ninayo, kwa hiyo nitarudi keshokutwa.

Kiprugut amesikia yote. Huyu ni mtoto wa karani, tuko darasa moja. Yeye ni wa kwanza kwa hesabu, mimi kwa mengine yote. Alisimama uani akaniita Mwalimu wa Farasi, mbele ya watu, akauliza kama kesho nitamtundika Dachesi kwenye kamba ya nguo alale kama popo. Hata mama yake alicheka. Jibu zuri sana lilinijia nilipokwisha kufika nyumbani.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana nimefikiri, leo nimetenda. Tatizo si kulala, ni kuinuka! Na habari ya kuinuka, nani atanifundisha? Sisi ni watu wa ng'ombe. Nimechunga tangu ndama wakinizidi kimo. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mnyama huinua matako kwanza, miguu ya mbele baadaye. Basi ukitaka kumrahisishia kazi, umwinulie sehemu ya nyuma.

Baba akiwa amekwenda Njoro mpaka kesho jioni, nimebeba udongo kwa karai na kujenga kilima kizuri ndani ya chumba, upande wa nyuma, kikishuka polepole hadi mlangoni. Juu nimetandaza mabua ya ngano. Nilirudi hatua chache nikakitazama. Naona fahari, sitaki kuficha. Wazungu wamefuga farasi miaka yote hiyo na hakuna aliyewaza hivi.

Ijumaa, 8 Agosti

Farasi hawakulelewa vizuri. Dachesi huinuka kwa miguu ya mbele! Anaitupa mbele, anasukuma, ndipo matako yanafuata. Kinyume kabisa cha ng'ombe. Kitabu hakikunionya. Lazima ni ule ukurasa walioula panya.

Mchana alijilaza kilimani, matako juu, kichwa bondeni. Alipotaka kuinuka, miguu ya mbele haikupata pa kusukuma, akateleza mpaka pua ikagonga mlango. Na sauti ya Bwana ilikuwa inasikika kutoka kwenye ghala! Kichwani nilimwona Baba kwenye pareto, na mimi pembeni na kikapu. Bahati Kiprugut alikuwa anapita. Tumefukua udongo chini ya kifua cha Dachesi kwa mikono, mpaka kwato zikashika sakafu, akaruka wima. Bwana alipochungulia, farasi alikuwa amesimama na sisi tunafagia kwa bidii.

Bwana alipoondoka Kiprugut alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, “We Cherono, umemjengea ng'ombe! Sasa lete kibuyu umkamue.” Sikumshukuru. Hakufukua haraka kama mimi.

Kilima kilipaswa kutoweka kabla Baba hajarudi kutoka Njoro. Toroli halikuwepo, Kiprugut alikuwa amelichukua kubeba kuni za mama yake, naamini makusudi. Basi udongo wote nimeusukuma kwenye kuta, pande zote, nikaufukia kwa mabua mengi Baba asiuone. Marundo yananifika kiunoni. Katikati ni tambarare. Chumba kinafanana na kiota cha kuku anayeatamia. Naona haya, lakini sina la kufanya.

Kisha, nikipangusa jasho, wazo kubwa kuliko yote. Dachesi aliletwa kwa meli kutoka Uingereza. Hapa anasemeshwa Kipsigis, Kikuyu, na kile Kiswahili cha Bwana Mluzi. Atatii vipi? Kuanzia leo ni Kiingereza tu. Mbele ya watu Kiingereza hunikwama kooni, lakini farasi si watu. Nimesimama mlangoni nikamsomea sura ya nyuki, mwanzo hadi mwisho, kisha nikamwambia kwa upole asigaagae ukutani. Masikio yamesimama. Amenielewa!

Jumapili, 10 Agosti

USHINDI! Jana hakukwama. Leo hakukwama. Baba amemkuta asubuhi amesimama, ana mabua kichwani, anadai chakula.

Kiprugut anadai anajua sababu. Alikuwa dirishani Dachesi alipokuwa akigaagaa. Anasema alibingirika kuelekea ukutani, rundo la mabua likamzuia na kumrudisha katikati, miguu haikuufikia ukuta, akainuka bila shida. Eti ni marundo! Nilimwuliza marundo yanajua Kiingereza? Akasema hata yeye hajui kama farasi anakijua. Husuda ni ugonjwa mbaya.

Baada ya kanisa Bwana Mluzi amekuja na mkewe, Memsaabu. Alitazama ndani, akapiga mluzi. Wa kwanza wiki nzima! Akauliza nani nafanya hii, msuri sana, msuri kabisa, huku akielekeza fimbo yake huko kwenye kuta. Anaelekeza fimbo ovyo. Nilielewa anasifu hali yote ya chumba, utulivu wake, ile hewa ya elimu. Baba alisema ni kazi ya binti yake. Alinishika bega mbele yao! Memsaabu akaniuliza kwa Kiingereza nilipata wapi wazo hilo. Nilijibu, “Book.” Neno moja, lakini matamshi yalikuwa safi.

Baba haendi kwenye pareto. Bwana amesema Jumamosi Baba ndiye atakayemwongoza Dachesi kwenye maonyesho ya Nakuru, mradi farasi afike huko bila mchubuko. Mama amesugua vifungo vya koti kwa majivu hadi vinawaka. Wakati wa kula Baba alinisogezea kikombe chake cha mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Nilikunywa polepole ili wadogo zangu waone.

Jumanne, 12 Agosti

Leo nimefanya kazi nzuri kuliko zote. Kesho Bwana Mluzi analeta wageni kutoka Nakuru kumtazama Dachesi, na sikuweza kuwaacha wageni waone chumba kile kimejaa mabua hadi kiunoni. Watasema nini juu ya Baba? Toroli lilikuwepo. Nimeondoa marundo yote, udongo na mabua, nikafagia hadi kwenye kona. Sakafu sasa ni safi, sawa kama ya darasa siku ya mkaguzi. Kuta zinaonekana vizuri kutoka juu hadi chini.

Kiprugut amekuja mbio, akashika kichwa kwa mikono miwili. Alipiga kelele nirudishe, nirudishe sasa hivi, nina wazimu, nimwonee huruma baba yangu. Safari hii jibu zuri lilinijia papo hapo. Nilimwambia mwenye elimu hahitaji kujificha nyuma ya majani. Amekimbia kumtafuta Baba. Mwacheni akachongee. Baba mwenyewe ataona usafi.

Mimi nimekaa hapa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nje ya chumba, kando ya dirisha, mgongo ukutani, naandika. Jua la saa kumi linapendeza. Kwa kuwa kesho ni siku kubwa, nimemwanzishia Dachesi sura ngumu zaidi, ya tembo. Anasikiliza kuliko siku zote. Sasa hivi amepiga magoti. Amejilaza, tena ameusogelea ukuta huu huu ninaouegemea, karibu kabisa. Mwanafunzi mwema hukaa karibu na mwalimu.