Kidole Changu na Dumu la Igogo

Leo nimejidhalilisha mchana kweupe, mbele ya usharika mzima, nikiwa nimevaa tai. Nawaandikia mapema, rafiki zangu, kabla shemeji yangu hajawafikia. Yeye atasimulia vibaya.

Chanzo ni dizeli.

Mnajua usharika wetu wa Kiseke unatafuta pikapu. Si kwa anasa. Mwezi uliopita tulimshusha mama mwenye uchungu kutoka huku mlimani kwa mkokoteni wa maji, akajifungulia njiani, kwenye mawe. Mtoto mzima, mama mzima, lakini tangu siku ile hakuna anayebisha kwamba gari lazima lipatikane. Zamani tungebishania kibali cha kununua gari. Siku hizi, tangu biashara ifunguliwe, magari yaliyokwisha kutumika Japani yamejaa mjini, kwa hiyo tunabishania injini. (Haya ndiyo maendeleo.)

Shemeji Kamugisha, kaka wa mke wangu, anataka petroli. Mimi nataka dizeli. Chuo kikuu nilisoma historia, jambo ambalo halinipi haki yoyote ya kuzungumzia injini. Halijawahi kunizuia pia.

"Petroli unawasha, unaondoka," shemeji alisema kwenye kikao cha kamati. "Dizeli unakaa kuisubiri ipate joto, kama mzee anayetafuta fimbo yake. Mgonjwa naye asubiri?"

"Mgonjwa wangu atafika," nikamjibu. "Wako ataishia kwenye kona, anasubiri uongeze mafuta."

"Shemeji, wewe gari lako ni baiskeli."

"Na haijawahi kuishiwa petroli."

Bibi Kabula, mwenyekiti wa kamati, ni Msukuma asiyependa maneno yakirefuka. Akakata shauri. Jumamosi yaletwe magari mawili, moja la kila aina. Yapakiwe kokoto kiasi kilekile chini ya mlima, yapande hadi kanisani, ambako ujenzi unaendelea. Litakalofanya vizuri, tununue la aina hiyo. Shemeji atafute la petroli. Mimi, katibu, nitafute la dizeli.

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Igogo, kwa rafiki yangu anayekusanya sangara, aliyekubali kuniazima pikapu yake. Gari zuri, lenye nguvu. Kilichokufa ni mshale wa mafuta tu. "Yamebaki kidogo," akaniambia. "Ongeza kabla hujafika mbali." Nilikuwa na nia ya kupita kituo cha mafuta kule Mirongo, lakini akasema kuna foleni ya malori tangu alfajiri. Nikaamua kununua palepale ufukweni, kwa Masatu.

Masatu anauza mafuta kwa madumu. Ana dizeli kwa ajili ya magari ya samaki, na ana mafuta ya injini za mitumbwi. Madumu yote ni ya njano. Nilimkuta yuko majini hadi magotini, anakumba maji kutoka kwenye mtumbwi wake.

"Nisubiri kidogo, mwalimu," akasema. "Nimalize hapa, nije nikuchagulie."

"Usijisumbue. Naijua dizeli."

"Madumu yanafanana."

"Mafuta hayafanani."

Nikafungua dumu la kwanza lililokuwa karibu. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo elimu yangu ilipofanya kazi. Petroli ukiipaka kidoleni hukauka upesi, ngozi inabaki kavu na nyeupe. Dizeli haikauki. Inabaki na utelezi. Kila mtu anajua hivyo. Nikachovya kidole, nikasugua, nikahesabu hadi ishirini. Utelezi ukabaki. Nikamwonyesha Masatu kidole kwa mbali, kama mtu aliyetoka kupiga kura.

(Mtaniuliza kwa nini sikunusa. Nilikuwa na mafua. Halafu pale Igogo hata noti mpya inanuka sangara. Sijitetei, naeleza.)

Nikamimina dumu zima, nikalipa, nikaondoka huku nikipiga mluzi.

Nilipopita Mirongo injini ilikuwa inapumua vizuri. Nilipokaribia Kiseke ikaanza kugonga, kama fundi bati amefungiwa ndani. Nikajiambia dizeli ndivyo inavyoongea.

Chini ya mlima watu walikuwa wamejaa. Mchungaji, kamati, akina mama wa kwaya, mafundi wa ujenzi, na Fundi Mabula, anayetengeneza malori, aliyekuja kutazama tu. Shemeji alikuwa ameegemea pikapu yake ya petroli, amekunja mikono.

"Shemeji, mbona linakohoa?"

"Linasafisha koo."

Kokoto zikapakiwa, karai kwa karai, Bibi Kabula akihesabu kwa sauti ili asiwepo wa kulalamika baadaye. Shemeji akatangulia. Akawasha mara moja (sikupenda), akapanda kwa kishindo. Kwenye kona ya pili mvuke ukaanza kutoka mbele, akasimama, akina mama wakapeleka ndoo ya maji ya kupoza rejeta, akaendelea hadi juu. Kwaya ikampigia vigelegele. Ndoo hakuna aliyeitaja isipokuwa mimi.

Ikawa zamu yangu. Mtu mwenye busara angepanda kimya. Mimi nilisimama kwenye ngazi ya gari nikawahutubia. Nikawaeleza kwamba dizeli haihitaji cheche, inawaka kwa hewa kubanwa peke yake. Nikasema injini hii ni kama ng'ombe wa kulimia, haina mbio lakini haiachi kazi njiani. Mchungaji akatikisa kichwa kwa kukubali. Nikaingia ndani, nikasubiri taa ya kupasha moto izime, nikawasha.

Kona ya kwanza nilipita. Kugonga kukaongezeka. Kona ya pili, mahali palepale shemeji alipopozea rejeta, gari likatetemeka, likatoa moshi mweupe, likazima.

Nikakanyaga breki. Kwa mzigo ule, breki zikafikiria kwanza. Tukaanza kurudi nyuma polepole, mimi na kokoto, tukiwaelekea akina mama wa kwaya, ambao waliacha kuimba wakaingia vichakani na sare zao. Mafundi wakakimbia kusukuma mawe nyuma ya matairi. Gari likapanda jiwe moja kwa nyuma, likainama ubavu, na nusu ya kokoto ikamwagika kwenye mtaro. Nikabaki nimeshika usukani kwa mikono miwili, natazama mbele, kana kwamba bado tunakwenda.

Shemeji akashuka mlima bila haraka. "Ng'ombe amelala," akasema.

Nikajaribu kuwasha tena. Hakuna kitu. Fundi Mabula akaomba nitoke. Akafungua kifuniko cha tangi, akainama, akanyanyuka haraka.

"Mzee, mafuta haya umenunua wapi?"

"Igogo. Nimeyapima mwenyewe, kwa kidole."

"Yanateleza?"

"Yanateleza sana."

"Lazima yateleze. Haya ni ya mtumbwi. Wavuvi wanachanganya petroli na oili, ndiyo injini zao zinavyotumia. Umejaza petroli kwenye dizeli."

Kisha Bibi Kabula, ambaye sijawahi kumwona akicheka hata kwenye harusi, akajifunika uso kwa khanga. Mabega yakamcheza. Hapo usharika wote ukapata ruhusa. Mchungaji aligeuka kutazama ziwa.

"Kwa hiyo," shemeji akasema, "anayetetea dizeli mwaka mzima, siku ya mtihani kaleta petroli. Karibu upande wetu, shemeji."

Ningeweza kukaa chini. Sikukaa. Nikasema kwa sauti kwamba gari la dizeli bado halijajaribiwa, maana dizeli haikuwemo, na kwamba kamati itakuwa inahukumu kidole changu, si injini. Nikaongeza kwamba kidole hakikukosea sana. Kilihisi oili, na oili ilikuwemo.

"Hapo kasema kweli," Fundi Mabula akasema. "Hiyo oili ndiyo imeiokoa pampu."

Akayakinga mafuta yote ya tangi kwenye madumu, akavuta dizeli kutoka kwenye lori la mchanga lililokuwa linapita, akatoa hewa kwenye mabomba kwa kupampu kwa mkono. Kokoto zikapakiwa upya, karai kwa karai. Safari hii aliendesha yeye. Gari likanguruma mara moja, likapanda kona zote bila kusimama wala kuomba maji, likafika kanisani.

Kamati ikakaa hapohapo juu ya kokoto.

"Gari lililonyweshwa uchafu, likaanguka, likaamka, likapanda," Bibi Kabula akasema. "Mimi hilo ndilo nitakalompakia mkwe wangu akishikwa na uchungu."

Kura zikapigwa. Dizeli ikashinda, saba kwa tatu. Nilikuwa nimekwisha kusimama kushukuru wakati shemeji aliponyoosha mkono kuomba azimio moja la nyongeza. Nalo likapita, kumi kwa sifuri, maana hata mimi sikupata ujasiri wa kupinga. Na kwa kuwa mimi ndiye katibu, nimeliandika mwenyewe kwenye kitabu cha kumbukumbu: "Gari la dizeli linunuliwe. Katibu asikabidhiwe ufunguo, wala asisogelee tangi."

Nimeliandika kwa hati nzuri, na sentensi ya kwanza nimeipigia mstari. Chekeni mnavyotaka. Hoja yangu imepita.